Rangi za Wakubwa

Kila aliyeulizwa habari za pampu mpya alijibu kwamba hazipo, na kila aliyejibu hivyo alimsogezea mpelelezi kiti. Hilo la kiti ndilo lililomsumbua.

Kazini walimwita Taratibu, wengine kwa heshima, wengine kwa kuchoka kumsubiri. Alikuwa mama wa makamo ambaye miguu yake huvimba jua likishapanda, na asubuhi ile aliingia katika jengo la pampu la shirika la maji akiwa na kandambili zake za akiba ndani ya mfuko. Msimamizi wa mitambo, mwanamume mrefu mwenye mvi hadi kwenye nyusi, aliuona ule mfuko, akaiona na miguu. Alivuta benchi karibu na dirisha, akavua koti lake la kazi, akalikunja na kulitandika juu ya ubao.

"Rangi ya hapa haikauki vizuri, mama," alisema. "Ukikaa hivihivi utaondoka na benchi."

"Asante, baba. Ngoja nikae kwanza, halafu unidanganye vizuri."

Msimamizi alicheka, lakini kicheko chake kilikatika kabla hakijafika mwisho.

Shauri lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza na zito kulibeba. Miaka ya nyuma, benki ililikopesha shirika la maji fedha za kununulia pampu tatu kubwa, na serikali ikaweka dhamana. Shirika likashindwa kulipa, benki ikaigeukia serikali. Serikali nayo ikauliza: tulipe nini? Maana kila mkaguzi aliyetumwa kwenye jengo lile alikuta pampu tatu kuukuu, zenye namba zilezile za zamani zilizomo katika orodha ya mali za umma. Kama pampu mpya hazikufika, basi fedha zililiwa, na mlaji hakuwa na haja ya kutafutwa mbali. Alikuwa ni yule aliyetia saini kwamba amezipokea: meneja wa wakati ule, sasa mzee mstaafu, aliyekuwa akikohoa mahabusu.

Ijumaa, Hazina ilitakiwa kuijibu benki. Taratibu akiandika kwamba pampu hazipo, serikali hailipi hata ndururu, na mzee atashtakiwa kwa kumeza mkopo mzima. Akiandika kwamba zipo, serikali italipa pamoja na riba, na mzee atarudi kwake. Mkubwa wake hakuficha alilolitaka. "Andika hazipo, tulale," alimwambia alipomkabidhi jalada.

Kule benki nako hakukuwa na msaada. Ofisa wa mikopo, kijana nadhifu aliyeonekana hajalala vizuri tangu aajiriwe, alimwonyesha picha ya pampu katika kijitabu cha kiwanda: nyekundu kama pilipili mbivu, zinang'aa. Zilikuwa za aina ileile ya zile za zamani, umbo lilelile, ili vipuri viingiliane. Akamtajia na namba zake tatu. "Dawa ya deni kulipa, mama," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesema hivyo mara nyingi bila kupona.

Sasa Taratibu alivaa miwani yake na kuziendea pampu. Zilipangwa mstari mmoja, kila moja kubwa kama ng'ombe aliyelala, zikinguruma kwa pamoja isipokuwa ya katikati, ambayo kila baada ya muda ilikohoa. Mwili wa kila pampu ulipakwa rangi ya maziwa. Ubavuni palifungwa kibati cha kiwanda kwa skrubu, nacho kimepakwa rangi hiyohiyo, ila katikati palikwanguliwa namba ipate kusomeka. Alisoma cha kwanza, cha pili, cha tatu. Namba zilikuwa zilezile za orodha.

"Hawa ni mabibi zetu," msimamizi alisema nyuma yake, akipaza sauti kuushinda mngurumo. "Tumewakuta hapa, na tutawaacha hapa."

"Na zile mpya?"

"Zile zililetwa kwenye karatasi, mama. Karatasi haisukumi maji."

Taratibu alinyoosha mkono kugusa. Msimamizi aliuwahi.

"Ina moto hiyo! Chukua glavu zangu."

Alizipokea. Zilikuwa kubwa, zimeshonwashonwa kwenye vidole kwa uzi wa viatu. Mtu anayekuficha jambo huweza kuwa mkarimu kupita kiasi, na mtu mkarimu ni mkarimu tu. Nusu ya kazi ya Taratibu, kwa miaka yote ile, ilikuwa kutofautisha hao wawili, na hakuwahi kuwa na uhakika nayo.

Alirudi kwenye benchi, akatazama huku na huku. Benchi lilikuwa rangi ya maziwa. Ndoo rangi ya maziwa. Fremu ya dirisha, duara la saa ya ukutani, mpini wa ufagio, vyote rangi ya maziwa.

"Hata ufagio, baba?"

"Amri, mama. Mkubwa mpya akija, kwanza rangi. Kitu chochote kisichokimbia kinapakwa. Huyu wa sasa kataka rangi ya maziwa, eti inaleta usafi. Aliyemtangulia alitaka buluu, alisema maji ni buluu. Mimi nimekaa na maji maisha yangu yote, sijayaona ya buluu. Kabla yake alikuwa mzee wetu." Alisita kidogo. "Yeye aliweka kijivu."

"Na kabla ya mzee?"

"Kijani. Kijani kila mahali! Na ovaroli zetu zilikuwa kijani. Ukisimama karibu na bomba, mwenzio anakutafuta nusu saa."

Mafundi wawili waliokuwa wakipaka mafuta mashine walicheka. Taratibu naye alicheka. Kisha simu yake ikaita, akatoka nayo nje.

"Umefika wapi?" Mkubwa aliuliza.

"Kwenye pampu, mheshimiwa."

"Ziko?"

"Pampu ziko. Swali ni zipi."

"Taratibu, mimi nimechoka. Waziri amechoka. Hata hilo deni lenyewe limechoka. Namba si za zamani?"

"Za zamani."

"Basi unangoja nini?"

"Nangoja miguu ipoe," alisema.

Dereva wake, mtu mfupi aliyekuwa na maneno mengi kuliko petroli, alimfungulia mlango wa nyuma kwa kuupiga teke mahali pake. Mlango ule haukusikia lugha nyingine.

"Mama, tunakwenda wapi sasa? Usiseme kwenye ghorofa tena."

Jana yake walikuwa wamepoteza siku nzima kwa ajili ya ghorofa hilo. Majirani wa mzee walikuwa wameapa kwamba alijenga ghorofa kwa fedha za pampu, na mmoja akaonyesha kwa kidole. Walipofika walikuta nyumba ya vyumba vya chini tu, bati limeota kutu, na ngazi ya saruji iliyopanda vizuri kabisa hadi juu, ikaishia hewani. Juu ya ngazi palianikwa nguo. Binti wa mzee aliwaeleza kwamba ngazi ilijengwa na marehemu mama yake kwa fedha za maandazi, naye aliianza kwa sababu aliamini ukishakuwa na ngazi, ghorofa litaona aibu kutokuja.

"Mahabusu," Taratibu alisema.

"Afadhali. Huko hata wakikudanganya wamekaa."

Askari magereza wa zamu alikuwa amemtoa mzee kwenye chumba chenye giza na kumweka uani, palipo na kijua chepesi, kwa sababu ya kile kikohozi. Kanuni haikumruhusu. Alijifanya anakagua kufuli la lango ili asije akaonekana anamruhusu. Binti alikuwa hapo, anammenyea baba yake chungwa na kumpa pande moja moja.

"Shikamoo, mzee," Taratibu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona miguu hivyo? Binti, mpe huyo mama ile ndoo aweke miguu juu."

Ndoo ikageuzwa kifudifudi. Taratibu aliweka miguu yake juu ya ndoo ya mtu ambaye yeye ndiye aliyetumwa kumchunguza, na hakukuwa na njia ya kufanya hivyo kwa heshima ya kiofisi.

"Mzee, ulitia saini kwamba umepokea pampu tatu."

"Nilitia saini nilichokipokea."

"Pampu?"

"Nilichokipokea."

"Ziko wapi?"

Mzee alitafuna chungwa lake polepole. "Swali hilo nimeulizwa na vijana wenye makoti mazuri. Sikuwajibu. Wewe una miguu mibaya, ningependa kukujibu, lakini siwezi."

"Baba!" binti alisema, akaacha kumenya, kisu mkononi. "Sema! Unakufa hapa kwa ajili ya nani? Mimi nitabaki na nani, na ngazi?"

"Mwanangu, usimpigie kelele mgeni."

"Simpigii mgeni, nakupigia wewe!"

Mzee alimgusa binti yake mkononi, akakichukua kile kisu kwa upole, akaendelea kujimenyea mwenyewe. Taratibu aliwangoja. Alikuwa hodari wa kungoja kuliko wa kuuliza.

"Zinanguruma vizuri?" mzee aliuliza hatimaye. "Leo umetoka huko, nasikia harufu ya grisi."

"Vizuri. Ila ya katikati inakohoa."

"Bado?" Uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza. "Waambie wakaze boliti za chini, siyo za juu. Tangu siku ilipofungwa ilikuwa hivyohivyo, nilisimama pale nikawaambia, boliti za chi..."

Akageukia chungwa lake kana kwamba limemwita.

Taratibu aliuliza jambo jingine kabisa, kama amelisikia la kwanza kwa sikio bovu. "Mzee, kwa nini ulichagua rangi ya kijivu?"

"Haionyeshi vumbi," mzee alisema, akashusha pumzi. "Watu walikuwa wamechoka kupangusa."

Ndani ya gari, dereva alimtazama kwenye kioo. "Mama umenyamaza kwa namna ile."

"Msimamizi anasema pampu zile ni mabibi zao, walizikuta palepale. Zilifungwa enzi za rangi ya kijani, kabla mzee hajahamia pale, na wala hakuna anayebisha hilo. Sasa mzee alisimama wapi siku inafungwa?"

Dereva aliwaza. "Labda anachanganya. Wazee huchanganya."

"Huchanganya majina ya wajukuu. Mtu wa mashine hachanganyi boliti." Alivua kiatu kimoja. "Una bisibisi humu?"

"Bila bisibisi gari hili lingekuwa hadi leo limekwama palepale lilipozimika, kwenye harusi ya dada yako."

"Kesho asubuhi nitaiazima."

Asubuhi iliyofuata hakupokea kiti. Msimamizi alipovua koti, Taratibu alimzuia kwa mkono, akaliendea lile benchi na kupiga magoti kando ya mguu wake mmoja uliokuwa umegongwagongwa na toroli. Pale palipobanduka, rangi zilionekana moja chini ya nyingine, kama tabaka za kitunguu. Juu maziwa, chini yake buluu, chini yake kijivu, na chini kabisa, ikishikana na mbao, kijani.

"Benchi hili limewaona wakubwa wote," alisema.

"Ndiyo, mama," msimamizi alijibu, sauti yake chini.

Taratibu alichukua kisu kidogo mfukoni, akaiendea pampu ya kwanza. Alikwangua pembeni mwa kile kibati, palipo na ukingo mnene ambao wakaguzi hawakuugusa, maana wao walitaka namba tu. Maziwa. Buluu. Kijivu. Kijani. Kisha akahamisha ncha ya kisu upana wa kidole kimoja, kwenye mwili wa pampu. Maziwa. Buluu. Kijivu. Halafu nyekundu.

Alikwangua tena mahali pengine. Kijivu, kisha nyekundu. Alizunguka nyuma, akainama hadi kiuno kikamlilia, akakwangua chini karibu na sakafu. Nyekundu. Hakukuwa na kijani popote katika mwili ule.

Mafundi walikuwa wameacha kazi. Mmoja alikuwa ameshika kopo la mafuta, nalo likimdondokea viatuni.

"Kibati kimevaa nguo nne," Taratibu alisema, akilazimika kupaza sauti. "Pampu imevaa tatu tu, na chini imevaa shati la kiwandani. Sasa niambie, baba, tangu lini shanga zikazaliwa kabla ya shingo?"

Taratibu alitoa bisibisi ya dereva na kuanza kufungua skrubu. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ikagoma, mkono wake ukateleza na kuchubuka. Alijaribu tena, ukateleza tena. Ndipo msimamizi alipomsogelea, akamchukulia bisibisi mkononi bila ukali, akaifungua skrubu yeye mwenyewe. Alifungua na ya tatu, na ya nne.

Kibati kilipotoka, chini yake palikuwa na kipande cha mstatili ambacho hakikuwahi kuona vumbi wala brashi tangu kilipotoka kiwandani. Kilikuwa chekundu, kibichi, kama ulimi wa mtoto.

"Zima hiyo ya katikati," msimamizi aliwaambia wenzake. "Inatupigia kelele."

Ilipozimwa, jengo likapata nafasi ya maneno. Msimamizi alikaa kwenye benchi, juu ya rangi mbichi bila koti, na Taratibu alikaa kando yake.

"Tulikuwa hatujalipwa," alianza. "Siyo mwezi, mama. Misimu. Mahindi yalipandwa, yakavunwa, sisi bado. Lakini maji hayakukatika mjini hata siku moja, nenda kaulize. Pampu mpya zikaja, tukazifunga wenyewe, tunafurahi kama tumeoa. Zile kuukuu tukazisukuma nyuma ya jengo. Halafu siku moja yule mwenzetu pale," akamwonyesha yule wa kopo la mafuta, "alianguka kazini. Tulidhani umeme. Daktari akasema ni njaa. Mtu mzima, ana watoto, njaa!"

Yule wa kopo alitazama chini. "Nilikuwa nawaachia watoto," alisema, kana kwamba bado anaomba radhi.

"Mzee alimwona akibebwa," msimamizi aliendelea. "Kesho yake akaja, akaweka ufunguo wa lango la nyuma juu ya meza, hapo. Akasema, 'Leo macho yangu hayaoni vizuri, naenda kunywa chai, na chai ya leo ni ya moto sana.' Akaenda. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na lori. Tukagawana sawasawa, hata mlinzi, hata mama wa kufagia. Yeye mzee hakuchukua hata ya chai aliyokunywa."

"Na vibati?"

"Ah, vibati." Alijipangusa uso kwa kiganja, akabaki na mstari wa maziwa shavuni. "Wahesabu mali wa serikali wakatangaza wanakuja. Hao wanahesabu kwa namba ya kibati, hawaangalii kingine. Na zile kuukuu bado zilikuwa katika orodha yao, wakati mpya zilikuwa hazijaandikwa, barua zake zimekwama ofisini kwenu huko. Tukaona wakikosa namba tutafungwa. Bahati vibati tulikuwa tumevibakisha, mnunuzi alikuwa hanunui bati jembamba. Tukavifunga kwenye pampu mpya, tukapiga kijivu juu. Wakahesabu, moja, mbili, tatu, wakaridhika, wakanywa soda wakaondoka. Mwaka uliofuata vilevile. Tulidhani tumeficha kosa dogo."

"Kumbe mmeficha pampu."

"Kumbe tumeficha pampu, mama. Benki ilipokuja kudai tukasikia serikali inasema hazipo, tukacheka. Tukasema wataziona tu, si zinanguruma? Halafu wakamchukua mzee. Nikaenda kumwona. Nikamwambia nasema. Akaniambia nikisema watoto wa watu kumi na mmoja watakosa baba, na yeye mtoto wake mmoja ameshakua. Akanikataza kama baba anavyokataza." Alimgeukia. "Tumelala vibaya, mama. Mtu akiingia mlangoni hapa tunampa kiti. Hatujui tufanye nini kingine."

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa nyuma ya vile viti. Taratibu alizitazama zile glavu zilizoshonwa kwa uzi wa viatu, zikiwa zimelazwa juu ya pampu.

"Vibati vyenyewe vya hizi mpya viko wapi?"

Msimamizi aliinuka, akaenda nyuma ya kabati, akarudi na kopo kuukuu la grisi. Ndani, chini ya grisi iliyokauka, kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa vibati vitatu vinavyong'aa, havina hata tone la rangi.

"Ungevitupa, ingekuwa kesi ngumu," Taratibu alisema.

"Mali ya serikali, mama. Haitupwi."

Alizisoma namba. Ndizo alizozitaja yule kijana wa benki. Akavifunga tena katika kitambaa chake.

"Nisikilizeni," aliwaambia wote. "Mimi nilitumwa kutafuta pampu mpya, nimezipata, leo naandika nilivyozikuta. Sitaandika uongo, na sitafuta neno hata moja. Atakayesoma atauliza kuukuu zilikwenda wapi, na atauliza leo hiihii. Mtu akingoja aulizwe, huitwa mwizi. Akitangulia kusema, huenda akaitwa jina lingine. Mimi saa tisa nitakuwa mahabusu kwa mzee. Sijamwita mtu."

Mlangoni alikumbuka jambo, akageuka. "Na hiyo ya katikati, mzee anasema mkaze boliti za chini. Siyo za juu."

Alimpigia Mkubwa akiwa kwenye gari.

"Zipo, mheshimiwa. Zote tatu. Zinasukuma maji unayoogea."

Upande wa pili kiti kikalia kama mtu ameegemea nyuma. "Huwezi kuandika kwamba haijulikani?"

"Inajulikana."

"Unajua ni fedha kiasi gani, pamoja na riba?"

"Ingekuwa ndogo kama barua zile zisingekwama. Na mishahara isingekwama. Wenye makosa ni wengi, mheshimiwa, tukianza kupanga foleni tutafika mpaka mezani kwako."

Mkubwa alikohoa kidogo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekaa kwenye kiti kimoja muda mrefu. "Lete taarifa," alisema. "Hazina watalipa. Watanung'unika mpaka Krismasi, lakini watalipa. Nitampigia mwanasheria wa serikali kuhusu huyo mzee wako."

"Asante."

"Taratibu. Pampu zilikuwa palepale muda wote?"

"Palepale."

"Na sisi tumetuma wakaguzi mara ngapi?"

"Walikwenda kusoma namba, mheshimiwa. Walizisoma vizuri sana."

Saa tisa mzee alikuwa uani mahali pake, kijua kimehamia magotini. Askari magereza alikuwa anakagua lile kufuli tena. Taratibu hakuzunguka. Alikifungua kile kitambaa mapajani mwa mzee, akamwonyesha vile vibati.

Mzee alivitazama kwa muda. Hakuvigusa.

"Umewafanya nini wale watoto?" aliuliza.

"Sijawafanya kitu. Wao ndio wamenifungulia skrubu."

"Niliwakataza."

"Serikali italipa deni, mzee. Kesi ya mkopo haina miguu tena. Wewe huenda ukarudi nyumbani kabla ya Jumapili."

Binti aliweka mikono usoni. Lakini mzee alikuwa akimtazama Taratibu kwa macho ya mtu aliyeporwa. "Nyumbani nitalalaje, wao wakiingia humu mimi nikitoka?"

Kabla hajajibiwa, palisikika sauti langoni. Askari magereza aliacha kufuli lake, akasema na mtu wa nje, akageuka akiwa amechanganyikiwa. "Mama, kuna watu hapa. Wengi. Wanasema wamekuja kujieleza, na hakuna aliyewaita."

Walikuwa nje ya lango katika ovaroli zao, wamesimama karibu karibu kama watu wanaopigwa picha. Msimamizi alikuwa mbele, mstari wa rangi ya maziwa ungali shavuni. Yule wa kopo la mafuta alikuwa amenawa uso na kuchana nywele. Mlinzi alikuwepo, na mama wa kufagia alikuwepo, amejifunga kitenge chake kizuri.

"Shikamoo, mzee!" msimamizi aliita kupitia nondo. "Samahani, tumevunja amri yako. Tumekuja kusema tuliuza sisi. Watukate kwenye mishahara."

"Mishahara ipi?" mzee alisema, na binti yake akacheka katikati ya machozi, akashindwa kujizuia.

Mzee alijaribu kusimama. Binti alimshika upande mmoja, Taratibu akamshika upande mwingine, wakaenda naye polepole hadi kwenye lango. Alizishika nondo kwa mikono miwili, akawatazama mmoja mmoja, midomo ikisogea kana kwamba anawahesabu. Alipofika mwisho, uso wake ukabadilika.

"Mmekuja wote?" aliuliza kwa ukali. "Wote? Na pampu amebaki nazo nani?"

Wakatazamana. Mama wa kufagia aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake.

"Rudini!" mzee alisema, na kikohozi kikamkaba, akakishinda. "Wawili warudi sasa hivi, wengine wabaki kujieleza. Mji mzima unataka maji ya jioni. Na kazeni boliti za chini!"

"Tumekwisha kaza, mzee," alisema yule wa kopo la mafuta. "Haikohoi tena."

Mzee aliinamisha paji la uso kwenye nondo, akabaki hivyo. Dereva, aliyekuwa ameegemea gari ng'ambo ya barabara, hakungoja kuambiwa. Aliuendea mlango wa nyuma, akaupiga teke mahali pake, akawafungulia mafundi wawili.